Kuimarisha Vishikizo vya Sabufremu ya Nyuma ya BMW E46 kwa Kuchomelea: Mwongozo kwa Gereji za Malindi

Katika magari ya BMW ya kizazi cha E46, yaliyotoka kiwandani kuanzia 1998 hadi 2006, difu, yaani gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu, pamoja na mikono ya magurudumu ya nyuma hubebwa na fremu ndogo ya chuma ambayo mafundi huiita sabufremu, nayo hushikiliwa kwenye sakafu ya bodi kwa bolti nne, kila moja ikiingia mahali pake paitwapo kishikizo. Bolti hizo ni nene na mara chache huleta taabu. Taabu iko kwenye bati linalozipokea, ambalo unene wake ni milimita moja hivi, na ambalo limeshikanishwa na bodi kwa nukta za kiwandani, yaani zile alama ndogo za mviringo ambapo mashine hubana mabati mawili na kuyayeyusha pamoja kwa umeme. Baada ya miaka mingi ya kuvutwa na kusukumwa, nukta hizo huachia moja baada ya nyingine, bati hufanya nyufa kuzunguka vishikizo, na mwishowe kishikizo kizima huweza kung'oka pamoja na kipande cha sakafu.

Udhaifu huu hauko kwenye M3, yaani toleo la E46 lenye nguvu zaidi, peke yake, kwani hata gari la injini ndogo la kizazi hicho huweza kupasuka, lakini M3 ndiyo inayoumia zaidi, na hesabu yake si ngumu. Injini yake ya lita 3.2 hutoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 365. Gia ya kwanza huizidisha mara 4.23 na difu huizidisha tena mara 3.62, kwa hiyo, kabla ya kutoa kile kinacholiwa na msuguano, ekseli ya nyuma hupokea zaidi ya nyutoni-mita 5,500. Magurudumu yanapozungushwa kwenda mbele kwa nguvu hiyo, difu husukumwa kinyume, pua yake hutaka kuinuka, na sabufremu huupeleka msukumo huo kwenye vishikizo: vya mbele husukumwa juu na vya nyuma huvutwa chini. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, mwelekeo hugeuka. Katika barabara ya Malindi kwenda Mombasa, ambako dereva hufunga breki kabla ya kila tuta na kukanyaga mafuta akishalivuka, kugeuka huko hutokea mara nyingi sana katika safari moja, na ndiko kunakochosha bati kuliko mwendo wa kasi wenyewe.

Dawa iliyozoeleka ni kuchomelea mabamba ya chuma kuzunguka vishikizo vyote vinne. Dawa hiyo ni nzuri, lakini hufanywa vibaya kwa namna moja ambayo mwongozo huu unataka kuizuia. Bamba la milimita mbili likichomelewa juu ya bati la milimita moja, na kingo zake zote zikaishia katikati ya bati hilohilo, mzigo hautakuwa umeondoka. Utakuwa umehamia kwenye ukingo wa bamba, na ufa utaanza upya hapo. Bamba lenye faida ni lile linalofika kwenye sehemu nene ya bodi, kama mihimili ya pembeni na mikunjo ya bati, likaupeleka mzigo huko. Maamuzi yote yafuatayo, tangu kukata karatasi ya kigezo hadi kuchagua pa kuweka mshono, yanategemea jambo hilo.

Kukagua kabla ya kufungua

Dalili ya kwanza ambayo mwenye gari huitaja ni mlio wa kugonga kutoka nyuma anapoachia klachi au anapobadilisha gia. Usikubali mara moja kwamba ni nyufa, kwa maana bushi, yaani mipira ya kwenye viungo, za sabufremu, za difu na za mikono mirefu zikichakaa hutoa mlio unaofanana nao. Liinue gari juu ya lifti au juu ya stendi imara, ingiza mtaimbo kati ya sabufremu na bodi karibu na kila kishikizo, kisha tikisa kwa kiasi huku mwenzako akimulika taa. Mpira ukicheza huku bati limetulia, tatizo ni bushi. Bati likipumua, yaani likipanda na kushuka pamoja na mtaimbo, nukta zimeachia.

Angalia pia rangi ya chini ya gari. Ile lami ya kiwandani ni laini, kwa hiyo huweza kuuficha ufa kwa muda mrefu; mstari mwembamba wa kutu unaojitokeza juu yake karibu na kishikizo ni ushahidi wa kutosha wa kuikwangua. Kisha ingia ndani ya buti, toa zulia na vifuniko vya pembeni, na ukague bati la juu kwa taa kali. Kaguzi nyingi huishia chini, ilhali kila kishikizo kina upande wa pili ulio ndani ya uwazi kati ya matabaka mawili ya bati, na upande huo huweza kuwa umeachia wakati chini panaonekana pazima.

Hata ukaguzi ukitoka safi, mwambie mwenye gari kwamba ukweli kamili utaonekana sabufremu ikishatoka. Bei anayopewa izingatie uwezekano wa kukuta nyufa, la sivyo patakuwa na mvutano gari likiwa limelala bila ekseli.

Mahali, umeme na mashine

Gereji nyingi za pwani zina kivuli cha makuti, na kwa kazi ya kubadilisha oili hakuna kivuli kizuri kuliko hicho. Kwa kuchomelea, makuti hayafai kabisa. Cheche moja ya grenda ikipanda juu ya paa kavu, gari na gereji vitateketea kwa pamoja, na majirani wataingia hasarani. Tafuta banda la mabati au chumba cha mawe.

Jambo la pili ni upepo. Mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya unaojilisha wenyewe, hulinda chuma kilichoyeyuka kwa wingu la gesi, na wingu hilo hupeperushwa na upepo ambao mtu hauhisi hata kidogo usoni. Wakati wa kusi, hasa alasiri, banda lililo wazi upande wa bahari halifai bila kuzuiwa kwa mabati au turubai nzito zisizoshika moto haraka. Ukiona mshono una vitundu vidogovidogo kama sifongo, jua kwamba gesi haikufika. Usijaribu kuvifunika kwa mshono mwingine. Visage vyote mpaka chuma safi kionekane, ndipo uanze tena. Kuongeza gesi kupita kiasi hakusaidii, kwa sababu gesi ikitoka kwa kasi hujizungusha na kuvuta hewa ndani yake. Lita 12 hadi 15 kwa dakika zinatosha mahali palipotulia.

Mashine ya vijiti, ile ambayo mafundi wa mageti na madirisha huitumia kwa ustadi mkubwa, si ya kazi hii. Kijiti cha milimita 2.5 huhitaji moto ambao bati la milimita moja haliwezi kuustahimili; litatoboka, na fundi atajikuta anajaza matundu badala ya kuunganisha. Tumia MIG yenye waya wa chuma wa milimita 0.8, na gesi ya mchanganyiko wa agoni na kaboni dioksidi, ambayo agoni yake ni asilimia 80 hivi. Kaboni dioksidi tupu hufanya kazi pia, ila hurusha cheche nyingi zaidi na huuma bati jembamba kwa ukali. Waya unaojikinga wenyewe bila gesi ninaushauri uachwe.

Umeme uchukuliwe karibu na mita, kwa kebo nene na fupi. Kebo nyembamba ya mita thelathini iliyoviringishwa chini ya meza hupunguza volti, moto wa mashine hupanda na kushuka, na mshono unaoonekana mzuri juu huwa haukuingia ndani. Kama umeme wa mtaa wako huyumba jioni watu wanaporudi nyumbani, choma asubuhi.

Kufungua

Panga gari lifike gereji tangi likiwa karibu tupu. Tenganisha betri, ambayo katika E46 iko ndani ya buti upande wa kulia, ukianza na waya wa hasi, kisha uitoe kabisa. Subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa nyaya za viti na mikanda, kwa sababu mifumo ya mifuko ya hewa hubaki na chaji kwa muda. Klempu ya chanya ina fataki ndogo ya usalama inayokata umeme wakati wa ajali, kwa hiyo isipigwe wala isichomwe. Chomoa pia soketi za kompyuta ya injini.

Toa kiti cha nyuma, mazulia, na vipande vya lami ya kuzuia kelele vilivyobandikwa sakafuni juu ya vishikizo vya mbele. Hatua hii watu huiruka kwa sababu kazi yote inaonekana kuwa chini, lakini joto la mshono hupenya bati kwa sekunde chache, na lami hiyo huanza kuwaka ndani ya gari wakati fundi yuko chini na barakoa usoni.

Tangi la petroli la gari hili ni la plastiki na liko mbele ya ekseli, chini ya kiti cha nyuma, karibu sana na vishikizo vya mbele. Wapo wanaolishusha nusu na kulifunika kwa blanketi lililoloweshwa. Mimi sikubaliani na njia hiyo. Litoe tangi lote, ziba midomo yake, ulipeleke nje mbali na banda, kisha uyapulize mabomba yake kwa hewa na kuyaziba. Ni kazi ya saa kadhaa zaidi, na hakuna sehemu nyingine ya kazi hii ambapo muda una thamani kama hapa.

Kabla ya kulegeza mikono mirefu, chora mstari kwa sindano ya chuma kuzunguka mabano yake yanapogusa bodi, kwani mwelekeo wa magurudumu hupimwa kwa kuyasogeza mabano hayo, na alama hizo zitakusaidia kulirudisha gari karibu na hali yake ya awali. Baada ya hapo toa ekzosi na kinga zake za joto, propela shafti, kebo za breki ya mkono na nyaya za ABS. Kalipa zining'inizwe kwa waya, zisiachwe zikavuta mabomba ya mpira. Springi za nyuma zimesimama peke yake mbali na shokamzoba, kwa hiyo mkono unaoibeba springi ushushwe taratibu kwa jeki mpaka springi ilegee. Ikiruka huweza kuvunja mguu.

Sabufremu na difu vikitoka kwa pamoja, uzito mkubwa utakuwa umeondoka nyuma, na gari litataka kuinamia mbele. Juu ya lifti ya nguzo mbili, lifunge kwa mikanda. Juu ya stendi, weka stendi kwenye sehemu za jeki za pembeni na ukinge magurudumu ya mbele kwa vizuizi pande zote mbili.

Kusafisha

Gari lililoishi Malindi au Watamu hubeba chumvi hata kama halijawahi kukanyaga mchanga wa ufuoni, na magari yapitayo karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni hubeba zaidi. Chumvi ikifungiwa chini ya bamba itakula chuma kutoka ndani, nawe hutaiona. Kwa hiyo, kabla ya kukwangua chochote, osha sehemu yote kwa maji matamu ya mfereji. Visima vingi vya mji wetu hutoa maji yenye chumvichumvi, na kuyatumia hapa ni kupaka ugonjwa badala ya dawa. Kausha kwa hewa na uliache gari usiku mzima.

Lami ya chini huondolewa kwa kuipasha joto kidogo na kuikwangua, kisha kwa brashi ya waya kwenye grenda. Epuka jiwe la kusagia, kwa kuwa huondoa chuma pamoja na rangi, na bati hili halina unene wa kupoteza. Safisha hadi chuma king'ae katika eneo lote litakalofunikwa na bamba, na sentimita tano zaidi kuzunguka.

Hapa pana onyo moja zito. Dawa za kusafishia breki zenye viambato vya klorini hazipaswi kutumiwa kwenye chuma kitakachochomelewa, kwa sababu mabaki yake yakikutana na mwanga na joto la mshono huweza kutoa fosijini, gesi ambayo kiasi kidogo chake huharibu mapafu, na madhara yake huweza kujitokeza saa nyingi baadaye mtu akiwa tayari amelala. Tumia asetoni, na iache ikauke kabisa. Bati lililopakwa zinki nalo hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka jioni. Vaa barakoa ya kuchuja moshi na uondoe zinki mahali pa mshono. Magari mengine yalikwisha kudungwa povu gumu ndani ya uwazi kama njia ya kutengeneza. Ukilikuta, ujue kwamba likipashwa moto litatoa moshi mbaya, na itakulazimu kulitoa karibu na mshono kabla ya kuendelea.

Kuzisoma nyufa

Chuma kikishang'aa, pulizia rangi nyekundu ya kupenyeza, subiri muda ulioandikwa kwenye mkebe, ifute, kisha pulizia unga mweupe. Kila ufa utajichora wenyewe kwa mstari mwekundu. Fuata mstari huo hadi mwisho wake na utoboe tundu la milimita tatu mahali ufa unapokoma, ili usiendelee mbele unapopashwa joto. Hesabu nukta za kiwandani zilizoachia. Mara nyingi huonekana kama duara lenye ukingo wa kutu au pengo linaloweza kupokea wembe. Bati lililopinda lirudishwe kwa nyundo na kipande cha chuma kizito kabla ya kuziba ufa, kwa kuwa ukiuziba kabla ya kunyoosha utakuwa umelifunga bati katika umbo baya.

Ufa wenyewe hufunguliwa kidogo kwa jiwe jembamba ili mshono uingie, kisha huzibwa kwa nukta fupifupi huku kipande cha shaba kikishikiliwa nyuma yake inapowezekana. Shaba haishikani na chuma, nayo hunyonya joto na kuzuia kutoboka. Mshono huu usagwe uwe sawa na bati, maana bamba linapaswa kukaa bila kuyumba.

Kama bati limeoza kwa kutu kiasi kwamba bisibisi inapenya, kuimarisha hakutoshi. Sehemu hiyo ikatwe na kubadilishwa, au paneli nzima ya sakafu ibadilishwe. Kuchomelea bamba juu ya kutu ni kumwibia mwenye gari.

Kukata na kupima mabamba

Mabamba yaliyokatwa tayari kwa ajili ya E46 yanauzwa nje ya nchi, na mtu anayeweza kuyaagiza atajiokolea siku nzima. Asiyeweza, anunue chuma laini cha milimita mbili. Unene unaozidi huo haufai kwa hapa: bamba la milimita nne huhitaji moto utakaolitoboa bati chini yake, na ukingo wake mgumu utalikata bati hilo kila linapopinda.

Tengeneza kigezo kwa karatasi ngumu, ukiikunja na kuibana mpaka ifuate kila mkunjo wa sakafu. Kigezo kienee kutoka kishikizo hadi kwenye mhimili wa pembeni, na kivuke angalau mkunjo mmoja wa bati, kwani mkunjo una ugumu ambao bati bapa halina. Kona zote ziwe za mviringo. Kona kali ni mahali ambapo ufa hupenda kuanzia, na hilo ni kweli kwa bamba jipya kama lilivyo kwa bati la zamani. Tundu la bolti lipanuliwe vya kutosha ili bushi ikae juu ya uso wa asili wa kiwanda. Ukiiacha bushi ikalie bamba, sabufremu itashuka milimita mbili, na ikishuka kwenye kishikizo kimoja bila vingine itakaa mshazari.

Ndani ya bamba, toboa matundu ya milimita nane yaliyoachana kwa sentimita tatu hadi nne. Kupitia matundu hayo utaunganisha bamba na bati katikati, si kwenye kingo peke yake. Bamba lipigwe nyundo hadi ligusane na bati kila mahali. Pengo la milimita moja linaonekana dogo, lakini kwa chuma hiki ni sawa na unene wa bati lenyewe, na mshono utakaolivuka pengo hilo utakuwa dhaifu. Paka praima ya zinki inayovumilia kuchomelewa kwenye nyuso zitakazofichwa, kisha uifute ndani ya matundu na mahali pa mishono.

Kuchomelea

Usiguse gari kabla ya kufanya jaribio. Chukua kipande cha bati chenye unene wa sakafu na kipande cha bamba, chomelea matundu mawili matatu, kibane kwenye jiliwa na uvitenganishe kwa tindo na nyundo. Mshono mzuri hukataa kuachia, na bati jembamba hupasuka kuuzunguka likiacha kitufe cha chuma kwenye bamba. Kitufe kikibanduka kwa urahisi na kuacha bati zima linalong'aa, moto ulikuwa mdogo. Rekebisha mashine na urudie mpaka upate matokeo hayo mara kadhaa mfululizo, ukiwa umelala chali na mkono juu, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyofanya kazi chini ya gari.

Funga bolti za zamani kwenye vishikizo vyote kulinda nyuzi. Klempu ya ardhi iwekwe kwenye chuma safi karibu kabisa na mshono, ili umeme usizunguke mwilini mwa gari ukitafuta njia. Mtu mmoja akae karibu na mlango wa nyuma akiwa na mtungi wa kuzima moto wa unga na pampu ya maji ya kunyunyizia, akiwa na kazi hiyo tu. Asitumwe spana.

Shika bamba kwa nukta nne za mbali, pima tena, kisha anza na matundu yaliyo karibu na kishikizo. Elekeza waya katikati ya tundu, kwenye bati la chini, subiri liyeyuke, ndipo uzunguke kuelekea kingo za bamba. Usifanye matundu mawili yaliyo jirani kwa mfululizo. Ruka upande wa pili, na uguse bamba kwa mkono wenye glavu kabla ya kurudi. Likiwa la moto mno kugusika, pumzika. Joto likikusanyika, sakafu hujikunja, na vishikizo vikisogea hata kidogo sabufremu itakataa kuingia.

Kingo za bamba zifuate kwa mishono mifupi ya sentimita mbili hadi mbili na nusu, ikiachana kwa nafasi kama hiyo. Elekeza moto zaidi kwenye bamba kuliko kwenye bati, na uache chuma kilichoyeyuka kitiririke chenyewe kwenye lile jembamba. Mahali bamba linapofika kwenye mhimili mnene, mshono unaweza kuwa mrefu zaidi, na ndipo panapostahili kuwa na nguvu kubwa. Wapo mafundi wanaozungusha mshono usiokatika kila upande. Unapendeza machoni, ila hupasha joto mstari mzima wa bati na kulifanya dhaifu kando ya mshono.

Ukimaliza kishikizo kimoja, jaribu kufunga bolti yake kwa mkono. Ikizunguka bila kubanwa, endelea na kingine cha upande wa mshazari.

Upande wa juu ndio unaowashinda wengi, kwa sababu hauonekani na mteja hauulizii. Iwapo ukaguzi ulionyesha kwamba nukta za ndani ya uwazi zimeachia, bamba la chini peke yake litaendelea kupakia mzigo kwenye bati ambalo juu yake halishikwi na kitu. Kwa vishikizo vya nyuma, kata dirisha dogo kwenye bati la buti, chomelea ndani kiungo kinachokishika kichwa cha kishikizo na kukifunga kwenye mhimili wa pembeni, kisha urudishe kifuniko. Kwa vya mbele, kazi hufanywa kutoka chini ya kiti cha nyuma. Kwa M3 inayoendeshwa kwa nguvu, au iliyowekewa bushi ngumu za poliyurethani, ningeifanya kazi ya juu hata kama hakuna nukta iliyoachia, kwa kuwa bushi ngumu hazimezi mshtuko kama mpira, na chochote zisichokimeza hupelekwa kwenye bati.

Mtu wa zamu ya moto abaki kwa nusu saa baada ya mshono wa mwisho, akikagua ndani ya gari, chini ya zulia lililobaki na ndani ya mihimili.

Kuzuia kutu

Safisha mishono kwa brashi, sio kwa kuisaga hadi iwe bapa. Paka epoksi siku hiyohiyo, kwani katika hewa ya bahari chuma kitupu hubadilika rangi kabla ya asubuhi. Epoksi ikikauka, jaza nafasi kati ya mishono kwa gundi ya kuzibia viungo vya bodi, ukiibana iingie chini ya ukingo wa bamba, halafu paka lami mpya ya chini ya gari. Mwishoni pulizia nta ya mianya ndani ya mihimili na ndani ya uwazi wa vishikizo, kwa bomba refu lenye kichwa kinachopuliza pande zote. Rangi ya ndani ya uwazi huwa imeungua kutokana na joto la mshono, na hakuna brashi inayoweza kufika huko. Nta irudiwe kila mwaka kabla ya mvua za masika.

Kurudisha

Badilisha bushi za sabufremu wakati huu huu, na tumia bolti mpya zilizokazwa kwa spana ya kupimia kulingana na kitabu cha mtengenezaji. Bolti za bushi za mikono zisikazwe gari likiwa limening'inia. Zikazwe magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari, la sivyo mpira utakuwa umepindwa muda wote na utachanika mapema. Tangi likirudi, kagua kila kiungo cha petroli injini ikiwa inanguruma kabla ya kurudisha kinga za joto. Toa hewa kwenye breki ikiwa mabomba yalifunguliwa, na upeleke gari kupimwa mwelekeo wa magurudumu yote manne. Mwenye gari aijulishe kampuni yake ya bima kwamba bodi imefanyiwa kazi ya kuchomelewa, na apewe picha za kila hatua.

Baada ya kilomita mia tano liinue tena gari, kagua mkazo wa bolti na uoshe kingo za mabamba uzitazame kwa taa. Kisha ukague kila unapobadilisha oili. Ufa ukionekana kwenye ukingo wa bamba, usiongeze bamba jingine juu yake. Shusha sabufremu, ufungue upande wa juu, uangalie mzigo unaishia wapi.